Bastola ya Mwenye Duka

Kwa wiki nzima mstari mmoja wa fomu ya polisi uliniweka macho: "Uhusiano wa mwenye silaha na anayeipokea." Nafasi iliyoachwa ilitosha neno moja, na neno lenyewe lilikuwa mke. Mume wangu alikuwa akikoroma ubavuni mwangu. Mimi nilikuwa nikiwapanga watakaoisoma: karani wa kituo, mkuu wa kituo, mtu wa mkoa. Wakishamaliza, faili litalala kabatini likinisubiri.

Alikuwa na duka la vitambaa Kariakoo kabla hajanioa. Alikuwa pia mtumishi wa shirika la umma, na mwaka tuliooana akapandishwa kuwa meneja. Meneja alibanwa na miiko ya uongozi. Hakuruhusiwa kuwa na duka, wala nyumba ya kupangisha. Wenzake wengi walifanya kilekile: mali ikaandikwa jina la shangazi, la mjomba, la mke. Leseni ya duka ikaandikwa jina langu, tena jina la nyumbani kwetu, la baba yangu, ili atakayeisoma asijue kuwa nimeolewa na meneja. Nilitia sahihi jikoni, mikono ina unga. Nilidhani ni heshima.

Baadaye nilipata kazi wizarani, nikawa bado katika kipindi cha majaribio. Hapo ndipo nilipokichukua kijitabu cha Azimio, chenye miiko hiyo ya uongozi, nikakisoma kama nilivyozoea kusoma chuoni, penseli mkononi. Kilisema wazi kwamba akitajwa kiongozi, ametajwa pamoja na mkewe au mumewe. Nikampelekea mume wangu, kidole kikiwa kwenye mstari.

"Hicho kila mtu anacho nyumbani," alisema. "Nani anakisoma?"

Dukani kwenyewe nilikuwa mgeni. Aliyekaa pale ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, na funguo alizifunga kwenye pindo la kanga. Siku moja nilipita kutafuta kitambaa cha gauni la kazini, nikanyoosha mkono kwenye jora la juu.

"Karibu, mwenye duka," akasema. "Usiguse."

Wateja wawili wakacheka.

"Nataka kuona rangi tu, wifi."

"Ona kwa macho. Leseni si ile pale ukutani? Kasome jina lako, msomi, uburudike."

Nikacheka na mimi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilicheka.

Bastola ilikuwa ya duka hilo. Mume wangu alipewa kibali zamani kwa sababu jioni alibeba mauzo kwa miguu kutoka Kariakoo hadi nyumbani Mchafukoge. Hakuwahi kuipiga hata mara moja. Jumapili aliitoa akaipangusa kwa flana mbele ya wageni, na wageni wakamwita tajiri. Mimi nilikuwa nimefundishwa silaha kambini, katika miezi yetu ya kulitumikia taifa, na nilijua kwamba ndani ya mtutu mna kutu. Sikumwambia.

Alipokwenda kuhuisha kibali, polisi walitaka kuona leseni ya biashara anayoilinda. Hakuwa nayo tena kwa jina lake. Akaambiwa achague, airudishe silaha au aihamishie kwa mkewe, kama mke ndiye mwenye duka. Fomu iende pamoja na cheti cha ndoa.

"Mwenye duka ni wewe," aliniambia mezani, kama mtu anayetoa zawadi.

"Kwenye leseni tumeficha kuwa mimi ni mkeo. Huku tunaandika, na cheti tunaambatanisha. Mtu akiziweka karatasi hizo mbili pamoja..."

"Nani ataziweka?"

"Mtu yeyote."

"Huyo mtu yeyote wako anakaa mtaa gani? Maana tangu nikuoe naye anakula hapa."

Nilifikiria kuugua. Nilifikiria kuipoteza fomu, kisha nikakumbuka kwamba wanazo nyingi. Nilifikiria kumwendea baba, nikasikia kabla hajafungua mdomo atakavyosema: mtii mumeo. Kila nilipofikiria nilirudi palepale. Karatasi zikikutana, yeye atasema duka alishaliacha zamani, na itakuwa kweli kwa maandishi. Atakayeitwa ofisini kujieleza, kabla hajathibitishwa kazini, ni mimi. Kwa duka ambalo nilikuwa sijaruhusiwa kushika hata jora lake.

Tulikwenda asubuhi. Bastola niliibeba mimi, kwenye kikapu, chini ya mafungu ya mchicha, kwa sababu yeye aliogopa kukutana na watu wa ofisini kwake. Alitangulia hatua kumi, kama hatujuani.

Afisa alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Mchicha wangu huo?"

Nikauondoa, nikaiweka bastola mezani. Akampa mume wangu sehemu ya kwanza ya fomu, inayosema kwamba hana tena sababu ya kumiliki silaha. Mume wangu akatia sahihi yake ya umeneja, yenye mkia mrefu. Mzee akachungulia mtutu.

"Hii ina kutu."

"Najua, mzee," nikasema.

Mume wangu akageuka kunitazama.

"Umejulia wapi?" mzee akauliza.

"Nilifundishwa kambini."

"Vizuri." Akavuta sehemu ya pili. "Sababu ya kumiliki?"

"Ana duka," mume wangu akajibu.

"Namuuliza yeye, ndugu. Duka unafungua saa ngapi, binti?"

Hakunitega. Alikuwa anajaza fomu tu, na kalamu yake ilikuwa imesimama ikingoja. Mtaa niliujua. Saa sikuijua. Nilikuwa nimefikiria maswali yote ya dunia isipokuwa hilo, ambalo muuza karanga wa nje ya duka angelijibu.

"Sina sababu, mzee," nikasema. "Siitaki hiyo bastola."

Mume wangu akacheka. "Ana woga tu. Si unawajua wanawake."

"Huyu wa kambini?" mzee akasema.

"Basi nirudishie mimi."

"Umeshatia sahihi, ndugu. Umesema mwenyewe huna sababu. Naye amesema hana. Inabaki ghalani kwetu."

Mume wangu akanisogelea, akashusha sauti. "Tia sahihi, mama. Tutaongea nyumbani."

"Tutaongea."

Penye sababu niliandika: sina. Penye uhusiano nilipiga mstari. Mzee akasoma, akagonga muhuri, akaandika stakabadhi ya silaha iliyopokelewa. Niliichukua mimi, maana mume wangu alikuwa ameshatoka nje.

Sikumfuata. Nilikwenda moja kwa moja Kariakoo na kikapu changu cha mchicha. Wifi alikuwa anampimia mteja. Nikavuta kigoda, nikapanda, nikaishika fremu ya leseni.

"Usiguse," wifi akasema, bila hata kuinua macho kutoka kwenye futi.

"Ina jina langu."

"Eti nini? Wewe, shuka hapo."

Nikaing'oa na msumari wake. Aliniita mchawi, akaniita msomi, akamwambia mteja ashuhudie. Mteja alikuwa anangoja mita zake mbili na hakutaka kushuhudia chochote. Nikaweka mchicha juu ya kaunta ili fremu ienee kikapuni, nikatoka. Ofisi ya leseni za biashara ilikuwa imeshafunguliwa. Nikapanga foleni na wenye maduka, zamu yangu ilipofika nikaomba fomu ya kufuta jina, nikaijaza palepale kwa kusimama.