Mwalimu Aliyepanda Mawe ya Igogo

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa mwanangu, huku Nyakato. Tulikalishwa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao, na mwalimu mkuu akatueleza kwamba walimu wataanza kutembelea nyumba za wanafunzi wasioonekana darasani. Baba mmoja aliyekaa mbele yangu akasimama. "Kazi ya mwalimu ni kufundisha," alisema. "Ya nyumbani kwangu yanamhusu nini?" Watu wakapiga makofi, tena si wachache. Nilitaka kusimama nimjibu lakini sikuthubutu, mpaka kikao kikafungwa. Basi nakusimulia wewe, rafiki yangu, kile nilichoshindwa kukisema pale.

Mimi nilikulia Igogo, juu kwenye mawe. Kama unaijua Mwanza unajua ninachosema: nyumba zimebanwa katikati ya majabali, ukuta wa nyuma wa jikoni kwetu ulikuwa ni jiwe lenyewe, na mvua ikinyesha maji yalishuka kwenye jiwe hilo yakapita chini ya kitanda. Baba alikuwa amefariki nikiwa darasa la pili. Mama alinunua dagaa wabichi alfajiri mwaloni, kwenye soko la samaki ufukweni, akawaanika kwenye vyandarua juu ya mawe, wakikauka akawapeleka kuuza sokoni Mabatini. Harufu ile ilikuwa kwenye nywele zetu, kwenye shuka, hata kwenye madaftari yangu. Wenzangu darasani nao walinuka hivyo hivyo, kwa hiyo hakuna aliyemcheka mwingine.

Nilipoingia darasa la sita mama alianza kukohoa. Mwanzoni alisema ni vumbi la dagaa. Kisha akaanza kutokwa jasho usingizini, akakonda mpaka khanga ikawa inamzunguka mara mbili, na siku moja nikaona anaficha leso aliyokoholea. Majirani wakaacha kuja kuomba chumvi. Jirani yetu wa chini, ambaye alikuwa anasuka nywele za mama kila Jumapili, alinong'ona kwamba kuna mtu amemwonea wivu kwa biashara yake. Bibi, mama yake baba, akaletwa kutoka Magu. Alikuja na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani, na chupa tatu za dawa ya mizizi. Tulikula michembe asubuhi na jioni. Dawa ya mizizi mama aliinywa yote, kikohozi kikabaki pale pale.

Mimi nikaacha shule. Hakuna aliyeniambia niache. Siku ya kwanza nilibaki kwa sababu mama alishindwa kusimama, siku ya pili kwa sababu maji yalikuwa yameisha na bibi hawezi kushuka mawe na ndoo. Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka minne, naye alihitaji wa kumwangalia. Wiki ikapita, ikaja ya pili, na kadiri siku zilivyoongezeka ndivyo nilivyozidi kuogopa kurudi. Nilimwogopa hasa mwalimu wa malezi.

Huyu alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, mtu wa mkoa wa Mara. Kila asubuhi alipita mstarini akikagua kucha, kisha akauliza kwa sauti kubwa, "Nani hajakura?" Kwao r na l hubadilishana, na sisi tulijificha nyuma ya migongo ya wenzetu tukimwigiza: nani hajakura, nani hajakura. Aliyenyoosha mkono aliambiwa aende jikoni kwa mpishi wa shule akapewe uji. Lakini alikuwa na fimbo pia, na kwa watoro hakuwa na mchezo. Usiku niliota ananiita jina.

Alikuja Jumamosi, saa nne hivi. Nilimwona kutoka juu akipanda, viatu vya raba mguuni, daftari kubwa kwapani, anasimama, anahema, anapanda tena. Nilimwambia bibi, "Bibi, sema sipo," nikakimbilia nyuma ya pazia chumbani, karibu na mama.

"Mwangaluka, mayu," mwalimu alimsalimu bibi kwa Kisukuma chake cha kujifunza. Bibi aliitikia. Mwalimu akaniulizia.

"Ameenda Magu kusalimia," bibi alisema.

Sare yangu ilikuwa kwenye kamba, imetoka kufuliwa, inadondosha maji. Niliiona kupitia tundu la pazia, na nikaona mwalimu naye anaiona. Alikaa juu ya jiwe la kufulia, akavua kiatu kimoja akakung'uta mchanga. "Naomba nipumzike kidogo, bibi. Haya mawe yenu yamenimaliza."

Alikaa, rafiki yangu. Alikaa mpaka bibi akaishiwa maneno. Mama alikuwa anazuia kikohozi, amejiziba mdomo kwa khanga, mabega yanatetemeka, na mimi nilimshika mkono nikiomba asikohoe. Kisha kikamtoka. Kilimtoka kwa muda mrefu. Mdogo wangu akamwambia mwalimu, kwa heshima kabisa, "Dada yuko ndani na mama."

Nilitoka nikiwa nimekunja mikono, tayari kwa fimbo. Mwalimu alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Umekura?"

Nikatikisa kichwa.

"Mama anakohoa tangu lini?"

"Tangu Pasaka, mwalimu."

Aliomba ruhusa kwa bibi, akaingia chumbani, akafungua dirisha ambalo tulikuwa tumeliziba kwa magunia. Alimwambia mama kwamba Jumatatu atakuja waende hospitali. Mama alikataa. Alisema wakimwandika jina kwenye lile jengo la wagonjwa wa kifua, hakuna atakayenunua tena dagaa wake. Mwalimu alimjibu kitu ambacho mpaka leo nakisikia: "Mama, dagaa watauzwa na nani ukishazikwa?" Nilimchukia kwa neno lile. Mama aligeukia ukutani, akalia bila sauti.

Jumatatu alikuja kweli. Walishuka mawe taratibu, mama ameegemea bega lake, majirani wakichungulia milangoni, na mwalimu akiwasalimia mmoja mmoja kwa sauti kama mtu anayekwenda sokoni na rafiki yake. Ilikuwa kifua kikuu. Wakampa dawa za miezi sita, za kumeza kila siku bila kuruka, na zilitaka tumbo lenye kitu.

Kuanzia hapo shule ikahamia nyumbani kwetu, sijui nisemeje. Mimi niliruhusiwa kuchelewa kipindi cha kwanza ili nimsimamie mama ameze dawa. Mchana mpishi wa shule alinijazia uji kwenye kidumu, nikapanda nao mawe kabla haujapoa. Darasa letu liligawanywa zamu, wasichana na wavulana, kila asubuhi watatu wanapanda na vidumu vya maji mpaka kwetu ndipo waende mstarini. Nesi wa zahanati alikuja na mwalimu akatupima mimi, mdogo wangu na bibi. Nilikuwa na aibu mwanzoni. Baadaye nilizoea kusikia vicheko vyao vikipanda njiani.

Mama alikuwa ametimiza wiki ya tatu ya dawa, bado hawezi kusimama peke yake, alipokuja baba mdogo.

Naomba usimfikirie vibaya. Alikuwa na watoto sita ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema, na alikuwa amemzika kaka yake. Alimtazama mama pale kitandani, na nikaona usoni kwake kwamba ameshaanza kumzika naye. Alimwambia bibi amenipatia nafasi Geita, kwa familia ya mfanyabiashara. Nitasaidia kazi za ndani, nitakula, na wakiona ninafaa watanisomesha. Bibi aliinamisha kichwa. Yule alikuwa mwanawe, na ndiye mwanamume aliyebaki. Mama alijaribu kuinuka. "Shemeji, niachie mtoto," alisema, akaanguka tena kwenye mto.

"Tunaondoka kesho asubuhi," baba mdogo alisema.

Asubuhi hiyo nilivaa sare kama kawaida. Akaniambia nibadilishe. Niliingia ndani nikavaa gauni juu ya sare, sikuivua. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Nilimpa mama dawa yake, maji yakamwagika kifuani kwake. Alinishika uso kwa viganja vyote viwili, viganja vya moto.

Tulipokuwa tunashuka tukakutana na wa zamu ya maji. Rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja aliona mfuko wa salfeti begani kwa baba mdogo, akaona gauni langu, akaniuliza kwa macho. Nilifungua mdomo, baba mdogo akanivuta mkono. Nikasikia nyuma yangu kidumu kinaanguka na kuviringika kwenye mawe, na miguu inakimbia.

Tulipofika gatini, kivuko kilikuwa kimeshafika. Magari yalikuwa yanaingia moja moja, wauza mahindi ya kuchoma wanapita kwenye foleni, mawimbi yanapiga zege la gati. Nilihesabu watu waliokuwa mbele yetu: kumi na wanne. Tisa. Tano. Kila mmoja aliyepita langoni nilihisi kama mtu ananifungia mlango. Walipobaki wawili mbele yetu kabla ya mkagua tiketi, bodaboda ikafunga breki nyuma ya foleni, na mwalimu wa malezi akashuka, mkono wa kulia mweupe kwa chaki.

Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alikuja mpaka kando yetu, akavuta pumzi.

"Baba, habari za safari."

"Nzuri, mwalimu." Baba mdogo hakuachia mkono wangu. "Hili ni jambo la familia yetu."

"Najua. Sijaja kugombana. Nimeita majina asubuhi hii, huyu hakuitika."

"Hataitika tena. Anahama."

"Ana barua ya uhamisho?"

Baba mdogo aliupandisha mfuko begani. Mkagua tiketi naye akasimama kututazama, na watu wa nyuma wakaanza kunung'unika.

"Mama yake anameza dawa," mwalimu aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Anayemsimamia ameze ni huyu. Ukimchukua huyu, baba, utakuwa umemchukua na mama yake."

"Nani atawalisha?" baba mdogo alifoka ghafla, na sauti ikampasuka. "Wewe? Nina watoto sita! Kaka kaniachia hawa, mimi nitawaweka wapi? Nani atawalisha?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba naye alikuwa anaogopa. Mwalimu alinigeukia mimi.

"Umekura?"

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka kwa matamshi yale. Mimi nililia. Nililia kwa sauti mbele ya watu wote, na nikaanza kulivua lile gauni, nalivuta kichwani huku mkono mmoja umeshikwa, mpaka kola ya sare ikaonekana. Kivuko kilipiga honi. Nilihisi vidole vya baba mdogo vikilegea, kimoja baada ya kingine. Alipita langoni bila kuaga, mfuko wangu wa nguo bado uko begani kwake, akapotea katikati ya magari.

Mwalimu hakunikumbatia. Alinifuta uso kwa kiganja kile cha chaki, akasema, "Twende. Kipindi cha piri kimeanza."

Wiki ile walikaa kikao ofisini: mwalimu mkuu, mtendaji wa kata, bibi, na baba mdogo aliyeitwa kwa barua. Sijui walisemezana nini. Ninachojua ni kwamba alitoka amevimba macho, na baada ya mavuno alivuka na gunia la mahindi, akakaa kitandani kwa mama wakazungumza mpaka jua likazama. Mama alimaliza dawa zake. Siku ya mwisho alishuka mawe mwenyewe mpaka shuleni, amevaa khanga mpya, akasimama mlangoni mwa ofisi. Mwalimu alikuwa anasahihisha madaftari. Alimwambia, "Kaa, mama," akaendelea kusahihisha, wakakaa hivyo.

Sasa ile nyumba haipo. Yale majabali nyuma yake yalipasuliwa kuwa kokoto, na njia tuliyopandia na vidumu imezibwa na ukuta wa mtu. Bibi amelala Magu. Mama naishi naye hapa, anapenda kukaa barazani akiwaita wajukuu waje kula kabla hawajaona njaa.

Mwalimu nilikutana naye mara moja tu ukubwani, Mabatini, anachagua nyanya. Nilimpigia goti, "Shikamoo, mwalimu." Nikamtajia jina, mwaka, darasa, nikamweleza kivuko na gauni. Alinisikiliza kwa makini, kisha akatikisa kichwa polepole. Hakumbuki. "Walikuwa wengi, mwanangu," alisema, kana kwamba ananiomba radhi. Kisha akaniangalia tena. "Mama alimaliza dawa?"

"Alimaliza, mwalimu. Yupo."

"Haya," akasema, akashusha pumzi, akarudi kwenye nyanya zake.

Mwaka jana nikasikia amefariki. Nilipata habari walipokuwa wameshazika. Nilitaka kwenda kutoa pole, nikavaa, nikachukua mkoba, nikafika mpaka barabarani. Hapo nikasimama. Mwanamke yule alijua kila mlango uliojificha kwenye mawe ya Igogo, na mimi sikuwa nimewahi kumuuliza wa kwake uko wapi.