Kuku Mweupe wa Maman Jolie

Kila jioni, habari za ng'ambo ya mto zilipokaribia, Odette alimwachia jirani wa meza sokoni sinia lake la sambaza, dagaa wa ziwani, akafuta mikono kwenye kitenge na kwenda kukaa katika karakana ya Hamdani, fundi cherehani wa Kamembe, upande wa Rwanda. Televisheni ya Hamdani ilikaa juu ya rafu, katikati ya mabunda ya uzi na suruali zinazongoja zipu. Ndiyo pekee mtaani iliyonasa vizuri kituo kidogo cha Bukavu alikofanya kazi ya uandishi wa habari Jolie, binti wa Odette.

"Punguza sauti, Hamdani," alisema kabla hata ya kukaa.

"Maman Jolie, watu wananunua televisheni wasikie. Weye unataka yangu ikae bubu?"

"Nataka kumuona tu."

Na kweli alimwona. Alitazama shingo kama imepungua, macho kama yamelala, kola kama imepigwa pasi. Siku Jolie akitokea na blauzi ileile ya jana, mama yake alijua kwamba mtoto hakufika kwake, na yeye mwenyewe hakupata usingizi. Maneno hakuyataka. Maneno ndiyo yangemletea mtoto balaa, basi aliona heri yasimfikie.

Odette alizaliwa ng'ambo na kuolewa ng'ambo. Mume wake, Muderhwa, alikuwa dereva wa lori. Alipofariki, Odette alivuka daraja la Rusizi na mtoto wake mmoja mgongoni, akapanga nyumba Kamembe, karibu na samaki na mbali na risasi. Shule aliiacha darasa la nne. Alichojifunza zaidi ya hapo alikipata kwa kutazama: mteja atakayenunua na mteja anayepitisha muda, askari wa mpakani aliyeamka vizuri na yule aliyegombana na mke wake.

Jolie alikuwa tofauti. Yeye aliuliza. Angali mdogo, hata meno ya mbele hayajaota upya, alisimama katikati ya ibada na kumwuliza mchungaji kwa nini kiti chake kina mto na viti vya wengine havina. Kanisa zima lilicheka, hata mchungaji. Odette peke yake hakucheka. Alimshika mkono mtoto wake na hakuuachia mpaka nyumbani.

Mapinduzi yalipoanza ng'ambo, Jolie alisimama barabarani na maikrofoni, moshi ukipanda nyuma yake, akaonyesha jinsi wakubwa wa wakati ule walivyowaacha askari wao na njaa huku maghala yao yamejaa mpaka mlangoni. Kamembe walimpigia makofi. Wanawake wa sokoni walimwita Odette "mama wa televisheni" na kumtengea kivuli kizuri.

Aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa Ciza. Alikuwa mwalimu aliyekimbia Bukavu kwa sababu serikali ile ilikuwa inamtafuta, akapanga chumba cha uani kwa Odette pamoja na mama yake mzee, Charlotte. Walikula meza moja. Ciza alimwita Odette "Maman", na kila Jolie alipomuuliza mkubwa fulani swali gumu, alipiga paja lake. "Huyu si wako peke yako, Maman! Ni wetu sisi wote. Huo mdomo, asitokee muntu wa kuufunga!"

Charlotte hakutazama habari, zilimpandisha presha. Yeye na Odette walipenda kukaa uani wakichambua maharage na kukumbuka ya zamani. Waligundua kwamba wote wawili, kwa miaka tofauti, walijifungulia materniti ileile ya mtaa wao wa Bukavu, mikononi mwa mkunga yuleyule mkali aliyewakaripia wanaolia. Walikuwa wanamwigiza na kucheka mpaka machozi.

Kisha serikali ya zamani ikaanguka. Ciza alivuka daraja amevaa koti jipya aliloshonewa na Hamdani, na wanamapinduzi wakampa ofisi ya kusimamia habari. Charlotte alibaki Kamembe, akahamia nyumba nzuri zaidi mtaa wa pili. Magoti yake, alisema, hayataki tena milima ya ule mji.

Odette alidhani sasa binti yake atapumzika. Waliokuwa wabaya wameondoka, ataulizwa nani tena?

Haukupita muda mrefu, Jolie akaonyesha materniti ile. Vyumba vilikuwa vitupu. Wanawake walijifungua sakafuni, juu ya mikeka waliyobeba kutoka kwao. Vitanda vilikuwa vimechukuliwa na kupelekwa katika nyumba za wakubwa wapya. Mama mmoja kijana, mtoto wake akiwa bado na unyevu wa kuzaliwa, alitaja jina lake mbele ya kamera na kueleza alivyolala. Halafu Jolie akaenda moja kwa moja kwa Ciza na kumwekea maikrofoni mdomoni.

"Mheshimiwa, vitanda viko wapi?"

"Vimeazimwa. Tuko katika mapinduzi, dada. Mambo yatapangwa."

"Serikali ya zamani ilitujibu hivyo hivyo kuhusu maghala. Nawe ulikuwa wa kwanza kuwacheka."

Makofi yalikoma. Sokoni, kivuli cha Odette kilipata mwenyewe mwingine. "Maman Jolie," walimwuliza, "ule mutoto wako anatakaka serikali ya malaika?" Wengine hawakuuliza kitu, walipita tu kama hawamjui, na hao ndio waliomwogopesha zaidi.

Siku chache baadaye Jolie akapiga simu. Sauti yake ilikuwa nyepesi mno, na Odette aliujua ule wepesi.

"Maman, Jumatatu naitwa kwa Ciza. Tuzungumze."

"Mazungumzo gani hayo? Nani alileta habari?"

"Askari wawili. Lakini walibisha hodi vizuri."

Odette alikaa chini pale pale alipokuwa, juu ya ndoo.

Akakumbuka kwao. Bibi yake alikuwa na desturi moja: mtoto akimkwaza mkubwa, mzazi anapeleka kuku mweupe na pombe ya ndizi kwa mama wa aliyekwazwa. Anapiga magoti. Hapaulizwi nani alisema kweli na nani alisema uongo. Kuku anatuliza moyo kwanza. Kesi, kama ipo, itakuja yenyewe baadaye. Basi Odette akatafuta kuku sokoni, akakataa mwenye doa, akakataa mwenye jicho gonjwa, mpaka akampata mweupe kabisa aliyeshuka na minibasi ya Nyakabuye. Akajaza na chupa moja ya pombe ya ndizi. Jolie hakuambiwa.

Charlotte alimpokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Maman Jolie! Magoti chini mpaka wapi? Simama, tutaumia wote."

"Siwezi kusimama, Maman Ciza. Mutoto wangu amemkwaza wako. Nimekuja na kuku wa desturi ya kwetu."

"Ciza aliniambia tu kwamba alitukanwa. Sikutaka kusikia zaidi." Charlotte alimpokea kuku, akampapasa bawa. "Hawa walikula sahani moja. Wataachaje kuongea? Yamekwisha. Ngoja nimtumie picha afurahi."

Akamwita jirani, naye akawapiga picha kwa simu: Odette amepiga magoti, Charlotte ameshika kuku, wote wanatabasamu. Odette alirudi nyumbani akiimba wimbo wa kanisa.

Jioni yake alikuwa kwenye karakana kama kawaida, sauti imepunguzwa. Hakutokea Jolie. Hamdani akahamia kituo cha serikali, akatokea mtangazaji wao, na nyuma yake ikajaa ile picha.

"Hamdani! Tazama! Niko mu televisheni!" Odette alisimama, akajirekebisha kitambaa cha kichwa kana kwamba kamera inamwona. "Kuku pia!"

Hamdani hakucheka. Aliacha cherehani, akanyoosha mkono na kuongeza sauti bila kuulizwa.

"...familia ya mwandishi huyo imekiri, kwa njia ya desturi, kwamba habari ya vitanda ilikuwa uongo. Jumatatu mwenyewe atasoma tamko la kuomba radhi."

Odette aliendelea kusimama, mkono bado kichwani. "Hapana," alisema. "Hapana, sivyo. Hamdani, mimi sikusema vile."

"Najua, Maman Jolie. Kaa kwanza."

Jolie alivuka daraja Jumapili, baada ya ibada. Odette alikuwa amepika bugali na sambaza kwa nyanya nyingi, kama anavyopenda, na alikuwa tayari kwa kelele. Kelele hazikuja. Jolie alinawa, akala mpaka sahani ikaonyesha maua yake ya chini, ndipo akauliza taratibu:

"Maman, juu ya nini ulipeleka kuku?"

"Juu ya shingo yako."

"Wao wanasema ni juu ya vitanda."

"Nilitaja vitanda? Muulize Maman Ciza! Sikutaja hata mto."

Jolie akacheka kidogo, kisha kicheko kikamgeukia, akafunika uso kwa viganja. Odette alisogeza kiti. Alimshika shingo ile aliyokuwa akiitazama kila jioni kwenye kioo, akaikuta ina joto na imekaza kama kamba ya kuanikia nguo.

"Yule mama kijana alinipa jina lake na uso wake," Jolie alisema. "Nikisoma tamko, muongo anakuwa yeye. Naye hana pa kuvukia. Daraja ni langu mimi, si lake."

"Na usiposoma?"

"Sijui, Maman. Kweli sijui."

Odette aliendelea kuikanda shingo ile. Ilimjia kwamba siku zote alimtazama mtoto huyu bila kumsikia, na kwamba hata yule mama kijana hakuwahi kumsikia jina. Alichokiona ni mtoto mchanga na mkeka.

"Kilikuwa karibu na dirisha," akasema.

"Nini?"

"Kitanda. Cha chuma, cha kijani. Nikigeuka kinalia, mkunga anafokea sisi wote wawili, mimi na kitanda. Nilikuzaa pale." Akasimama na kufunga kitenge vizuri. "Beba simu yako. Tunaenda kwa Maman Ciza."

Kuku alikuwa hai bado, amefungwa mguu kwenye meza ya Charlotte, anadonoa punje za mchele wa Bugarama. Charlotte alipomwona Jolie alifungua mikono. "Umefika mwenyewe! Si nilisema?"

"Maman Ciza," Odette alisema, "watoto wetu walikosania nini? Uliambiwa?"

"Matusi."

"Ni vitanda. Vya materniti ya kwetu. Vilitolewa, viko kwa wakubwa. Wanawake wanazalia chini."

Charlotte alimtazama Jolie. Jolie akatikisa kichwa kukubali. Mzee yule akageuka taratibu kumtazama kuku, kana kwamba ndiye aliyemficha jambo.

"Na kile chenye kulia?" aliuliza hatimaye.

"Na chenyewe."

"Cha dirishani?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ciza alitoka miguu kwanza, pale. Siku mbili nilishika chuma kile."

Odette akamwambia binti yake awashe kamera ya simu. Hakuwahi kuongea mbele ya kamera, na alianza kwa kumsalimu kila mtu na kuuliza kama wote wameamka salama, mpaka Jolie akamfanyia ishara ya mkono. Ndipo akasema: "Kuku nilileta mimi. Mtoto hakunituma. Nilimleta kwa woga wangu, kwa sababu mimi ni mzazi. Vitanda sikuvisema, na sitasema ni uongo, kwa sababu kimoja nilikilalia. Muheshimiwa Ciza, ulikula kwangu. Sina hasira. Usimguse mutoto, na wale wanawake uwarudishie pa kulala."

Charlotte alijisogeza mpaka naye akaingia kwenye picha. "Na miye mama yake nasema hivyo hivyo," akasema. "Na atapokea simu yangu leo."

Jolie aliituma video kituoni kwake akiwa bado mlangoni, na jioni hiyo hiyo ng'ambo waliiona.

Jumatatu Jolie alivuka kuitikia wito, na Odette hakuuza. Alikaa upande wa Rwanda wa daraja, juu ya sinia lililogeuzwa, na kumhesabu kila mwanamke aliyetokea ng'ambo kuwa si Jolie. Askari mmoja alimwambia asogee. Mwenzake akamnong'oneza jambo, na wakamwacha. Jua lilihama kutoka maji mpaka mlima, wabeba mizigo wakapungua, ndipo blauzi ya njano ikatokea katikati ya daraja, inatembea bila haraka.

Odette hakukimbia. Alingoja mpaka Jolie akafika, akamtazama shingo, mikono, viatu.

"Alinikalisha kwenye benchi siku nzima," Jolie alisema. "Halafu akaniita na kusema neno moja tu: 'Mwambie mama yangu aache kunipigia.'"

"Na tamko?"

"Sikusoma. Hakulitaja. Lakini nisionekane kwenye televisheni kwanza, mpaka waseme."

Walirudi mpaka Kamembe wameshikana mikono, na mara hii Odette hakuwa anamburuta mtu.

Majuma yalipita na rafu ya Hamdani ilionyesha nyuso nyingine. Jolie alikuwa anamsaidia mama yake sokoni, vibaya, akiuliza wateja maswali mengi mno. Kuku alibaki kwa Charlotte. Hakuna aliyethubutu kumchinja, kwa sababu haikujulikana tena amekuwa wa nani, na alianza kutaga. Ng'ambo vitanda vilianza kurudi kidogo kidogo, bila tangazo. Havikurudi vyote. Kimoja, walisema wanawake wanaovuka, kilirudi na miguu mitatu.

Kisha kituo kikapewa ruhusa, hakuna aliyeeleza kwa nini, na Jolie akavuka.

Jioni hiyo karakana ilijaa. Hata Charlotte alikuja, presha na yote, akapewa kiti chenye mgongo. Jolie akatokea kwenye kioo, kola imenyooka, shingo yake ileile, nyuma yake mlango wa materniti. Mdomo ukafunguka. Hamdani, kwa mazoea, alikuwa ameshapunguza.

Odette akavuta kiti chake karibu.

"Ongeza sauti, Hamdani," alisema. "Nisikie anauliza nini."