Mtani Aliyelalia Kioo

Walisema pikapu niliyonunua itatoka mtaani Majengo ikivutwa na maksai, na mimi nitakuwa mbele nimeshika kamba. Aliyesema kwa sauti kuliko wote alikuwa mtani wangu mimi Mpimbwe, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe zake. "Mpimbwe akirudi na diploma," aliwaambia watu sokoni, "hununua banda la kuku."

Ni kweli kuku walikuwa wanatagia ndani. Ilikuwa pikapu ya Kifaransa, ya zamani kuliko mimi, imesimama tangu mwenye nayo alipofariki. Lakini mimi nilikuwa nimerudi Mpanda na stashahada ya ufundi wa magari, niliyoisomea Dar es Salaam, nikijilipia mwenyewe kwa kuosha magari ya watu. Wao waliona mkweche. Mimi niliona mpunga wa kijiji cha Mamba ukisafiri.

Mtaji nilikopa, ila si fedha, maana katika miaka ile ya tisini nani kwetu alikuwa nazo za kukopesha? Dada yangu wa Mamba alinipa magunia ya mpunga. Mama mmoja muuza dagaa wa Ikola, kule ziwani, alinipa dagaa. Mtani, pamoja na kejeli zake, alinipa dume la ng'ombe. Niliuza vyote, nikafufua injini kwa mikono hii. Kikabaki kioo cha mbele. Raba iliyokishika ilikuwa imekauka na kukatikakatika, kioo kinacheza kama jino bovu. Mfanyabiashara wa mpunga akanipa neno moja: "Msimu mzima ni wako, fundi. Lakini kesho nikute kioo kimekaa. La sivyo, nachukua gari jingine."

Raba mpya ilishafika kwa treni. Kioo hakikuwa na mwenzake Mpanda wala Tabora. Kikipasuka, msimu umekwenda, pamoja na mali za watu watatu walioniamini.

Niliianika raba juani hadi ikalegea. Nikaivalisha kioo pembeni pote, nikalaza kamba ya nyavu kwenye mfereji wake wa ndani, nikapaka sabuni, nikakiegesha kioo mahali pake. Kuanzia hapo kazi ni ya watu wawili. Wa ndani anavuta kamba ili mdomo wa raba uruke ukingo wa bati. Wa nje anakandamiza kioo. Vijana waliojaa uani walianza kurudi nyuma.

"Kaka, hapana. Kikipasuka utasema ni mkono wangu."

"Mimi nina watoto, fundi."

Mtani akawapangua kwa fimbo yake. "Tokeni nyie! Mtu akivunja chombo cha mtani wake, kuna kesi?"

Hakuna. Ndivyo tulivyo, Wapimbwe na Wasukuma. Angekivunja hata makusudi, mimi ningetakiwa nicheke mbele za watu. Nilikuwa natafuta mtu asiye na hofu. Nilipompata, hofu yote ikahamia kwangu.

Niliingia ndani, nikaanza kuvuta kamba. Upande wa chini ulikubali. Pembe ya kwanza ikakubali. Tulipofika pembe ya juu, kamba iligoma. Kioo kikatoa mlio mwembamba. Mtani akainua ngumi.

"Usipige!" nilipiga kelele. "Lala juu yake! Kifua!"

"Nilalie kioo kama mke?"

"Lala!"

Akapanda boneti, akalala. Niliona shavu lake limebanwa, pua imekuwa bapa, jicho moja linanitazama kwa karibu sana. Nililegeza kamba, nikapaka sabuni tena kwa kidole, nikasubiri uzito wake uingie. Fundi wa kubahatisha angevuta. Mimi nilisubiri.

"Mpimbwe," alisema kupitia kioo, "dume langu limo humu. Nalisikia linalia."

Jasho lilinichoma macho. Nikavuta taratibu, kidogo, kidogo tena, hadi mdomo wa raba ukaruka ukingo na kamba yote ikanibaki mkononi. Mtani hakungoja niseme kitu. Alichukua ndoo, akamwaga maji yote juu ya kioo huku mimi nimekaa ndani. Nilipitisha kiganja pembeni pote. Pakavu.

Kesho yake mfanyabiashara aligonga kioo kwa kidole, akasema, "Pakia." Msimu ule nilibeba mpunga hadi spring zikalia. Ulipokwisha, nilimpelekea dada magunia yake, nikateremka Ikola kumlipa yule mama dagaa zake, kisha nikanunua dume kubwa kuliko nililopewa. Mtani alikuja Majengo kulichukua, akalizunguka.

"Limekonda."

"Limekushinda uzito, mtani."

"Basi kwa kuwa limekonda, utanifikisha kwangu." Akafungua mlango, akaketi mbele, fimbo magotini.

Nililifunga dume kamba nyuma ya pikapu, nikaondoka polepole kwa gia ya kwanza, nikipita katikati ya soko. Gari mbele, ng'ombe nyuma, na watu wote waliosema wamesimama wanatazama.