Chombo Kisicho na Freni

Baba yangu alikuwa fundi wa magari Buyenzi, na katika maisha yake hakuwahi kukutana na kitu kinachotembea akashindwa kukisimamisha. Mpaka siku ile ya ville morte.

Ville morte ni mji kufungwa kwa nguvu: vijana wako njia panda na mawe na magrenedi, duka halifunguliwi, shule imelala, kila mtu kwake. Basi mchana kutwa tuko ndani, mama na maharage yake jikoni, mimi na karatasi yangu ya shule ndani ya daftari. Karatasi ile ilitaka sahihi ya mzazi ili niingie section ya sayansi, na baba hakutaka. Yeye alitaka nikae kwenye kaunta ya vipuri pale garaje.

“Mutoto mwanamuke na fizikia,” alisema. “Itamupikia nini?”

Wallahi nililia mpaka macho yakavimba.

Aliyeniokoa ni mpangaji wetu wa chumba cha uani, mwalimu wa fizikia kutoka Uvira. Alikuwa na kitabu cha Kifaransa kilichochanika, cha mchezo wa kujifanya: kila mtu ni nahodha wa chombo cha angani, msimulizi anaeleza kilichopo, wewe unasema utafanya nini, dadu inaamua. Kurasa za vita ziliishia kufungia karanga sokoni, kwa hiyo sheria za vita alizitunga mwenyewe, na kwenye fizikia hakuwa na huruma.

“Ukinishinda, nasaini,” baba akasema, kwa kuchoka na kelele zangu. “Nikikushinda, kaunta.”

Tukachora miraba ya chaki kwenye sakafu ya sebule. Vyombo vilikuwa nati mbili, yake ya lori, yangu ya baiskeli. Sayari ilikuwa mfuniko wa sufuria karibu na mlango, na mshindi ni anayesimama pale, si anayepita. Baba akaanza kwa kupakia watu: yeye nahodha, mama mpishi.

“Nani amekutuma unipandishe?” mama akauliza kutoka jikoni.

“Kelele. Tumeondoka.”

Ukikoleza moto unaongeza mraba mmoja kila zamu. Usipofanya kitu unakwenda vilevile ulivyokwenda. Baba akakoleza: mmoja, miwili, mitatu, minne. Mimi nilipofika mitatu niligeuza mkia wa moto uelekee mbele, nikaanza kupunguza. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

“Anaogopa! Mutoto anaogopa!” Akageuza mzinga wake nyuma, akarusha dadu, ikaja moja. “Bum!”

“Fundi, kule hakuna hewa,” mwalimu akasema. “Hakuna bum.”

“Ati nini? Sasa injini ikiumwa nitaisikia wapi?”

“Vita bila mlio,” mama akasema. “Nipelekeni huko leo leo.”

Hapohapo likalia grenedi moja la kweli kule mlimani. Tukatazamana, halafu tukacheka mpaka tukashika mbavu, kwa woga na kwa raha.

“Na bunduki inapiga teke, fundi,” mwalimu akaendelea. “Umepiga nyuma, umesukumwa mbele. Ongeza mraba.”

Baba akapiga mara tatu zaidi, zote zikanikosa kama ile ya kwanza. Alipenda tu. Alipoukaribia mfuniko alikuwa anakula miraba minane kwa zamu moja, na hapo akanyanyua mguu wa kulia, akakanyaga sakafu.

“Freni.”

“Hakuna.”

“Ya mukono, basi.”

“Hakuna, fundi. Freni inataka barabara, na kule hakuna barabara.”

“Ala! Chombo gani kinatoka garaje bila freni? Nani alikisaini?”

Nati ikapita juu ya mfuniko, ikavuka kizingiti, ikaingia uani, mwalimu mbele na chaki yake. Kuku akaidonoa, baba akamnyang'anya. Ikafika geti. Tulikatazwa kutoka, lakini zamu ni zamu, kwa hiyo baba akalala kifudifudi na kanzu yake nyeupe, akaisukuma kwa kidole chini ya geti. Mimi nilirudi ndani, nikatua kwenye mfuniko, kasi sifuri, nikaruka kama mwehu.

“Sijashindwa,” baba akasema, akijikung'uta vumbi. “Mutu anatembea hajashindwa.”

Akakataa kusaini. Nikairudisha karatasi ndani ya daftari.

Baada ya swala ya alasiri akaja kusimama nyuma yangu. “Saa hii chombo changu kiko wapi?”

Nikapiga hesabu ukutani kwa chaki. “Kinapita Kanyosha, baba.”

Akanywa chai. “Na sasa?”

“Juu ya ziwa.”

“Mafuta ikiisha?”

“Hata yakiisha. Kitakwenda tu.”

Akatazama jikoni. “Na mama yako yuko ndani.”

“Si nilikuuliza nani amekutuma!” mama akapaza sauti.

Baba akainamisha kichwa, akashusha sauti. “Hiyo section yako. Wanafundisha kukirudisha?”

Sikujua. Wallahi sikujua. “Wanafundisha, baba.”

“Leta kalamu.”

Alisaini kwa nguvu hata karatasi ikatoboka.

Somo lenyewe lilikuja karibu na mwisho wa muhula wa kwanza: hesabu ya moto kiasi gani wa kufuta mwendo wote ule na kukirudisha chombo kilikotoka. Kengele ilipolia nilikimbia mpaka garaje, viatu mkononi. Miguu ya baba tu ndiyo ilionekana, chini ya lori.

“Baba! Kinarudi!”

Spana ikanyamaza.

“Na mama yako?”

“Naye anarudi.”

“Alhamdulillahi,” ikasema sauti chini ya lori, na spana ikaanza tena.