Mshenga na Begi la Theluji

Mpaka leo nikipita mtaa ule wa Ngamiani nainamisha uso, maana nilikwenda kumposea mpwa wangu Bakari nikatolewa kwa kisu cha jikoni. Chekeni tu, nimeshazoea.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, tumetoka kwenye foleni za sabuni, mitumba imemwagika, kila mtu kavaa Ulaya yake. Mimi nikajipatia begi la mgongoni, jekundu, zito, lina kishikio kifuani (nikadhani ni cha kufungulia, ningemuuliza nani?). Mshenga kanzu na kofia zinamtosha, lakini mimi nikaona bila begi lile sijakamilika, nikatia halua ndani, huyo nikaenda.

Kwa Mzee Kombo, baba wa binti, nikakaa nalo mgongoni makusudi walione. Mazungumzo yakanoga, mzee anatikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikisema nitoe halua nikavuta kile kishikio kwa madaha.

Lahaula! Likalia fyuuu, maputo mawili makubwa yakafumka mabegani mwangu, moja likamvua mzee kofia, jingine likalipiga dele la kahawa, yote kwenye kanzu yake nyeupe. Wanawake huko ndani: "Bomu! Bomu!" Nikakimbilia mlangoni, nikakwama, sitoki wala sirudi.

Salimu, kaka wa binti, aliyesoma nchi za baridi, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mjomba, hili ni la wanaoteleza na mbao miguuni kwenye milima ya theluji! Theluji mpya ikirundikwa na upepo juu ya ile ya zamani iliyoganda, mtu akikanyaga tu, yote inaporomoka naye. Hapo ndipo anavuta, aelee juu asifukiwe."

Mzee Kombo akajipangusa kahawa. "Na hapa kwangu umeona nini kinaporomoka?"

"Hakuna, mzee," nikajibu, nikiwa bado mlangoni. Wakayatoboa maputo kwa kisu cha jikoni ndipo nikapita.

Jibu lilipokuja, Bakari aliniambia bila kunitazama usoni: posa imepokewa, binti amekubali, ila mshenga abadilishwe. Iliniuma, wallahi. Siku ya nikaha wenzangu wako barazani na makanzu yao, mimi niko uani nachochea kuni za pilau, na tangu hapo sivai kitu nisichojua kazi yake, hata kofia nauliza kwanza.