Kabla Mkwe Hajaingia Bafuni

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani hata leo nikiwa na wajukuu: siku baba mkwe wangu alipoingia bafuni mwetu kuoga, akatoka akiwa mkavu kama alivyoingia.

Nakueleza haya kwa sababu nimeingia nyumba nyingi mnazopanga siku hizi, mjini Kisii na Nyamira pia. Sebule inapendeza, jikoni kuna vigae, lakini bafu ni dogo mno na choo kimo humo humo. Kisha mnaniuliza, "Nyanya, vitu vyetu tuviweke wapi?" Swali ni zuri. Mimi niliwahi kulijibu vibaya, na jibu langu nusura limpotezee mzee wa watu mguu.

Nilikuwa katika mwaka wa pili wa ndoa. Mume wangu Ombati alikuwa karani, nami nilikuwa nikishona nguo kwenye veranda ya duka moja mjini. Nyumba yetu ilikuwa na sebule na chumba kimoja cha kulala. Bafu lilikuwa dogo hivi kwamba ukisimama katikati ukanyoosha mikono, viganja viligusa kuta zote mbili. Nikaamua kulitengeneza. Nilinunua rafu ya chuma ya ngazi tatu, wazi kila upande, nikaisimamisha kwenye ukuta unaotazamana na mlango. Nikaijaza kila kitu changu na cha Ombati: sabuni, mafuta, miswaki, nyembe, na vitu vya mwanamke ambavyo si lazima nivitaje. Nikavipanga kwa kimo, virefu nyuma, vifupi mbele, kama dukani. Na kwa kuwa mvua ya kwetu haikosi kushuka mchana, na kamba ya nje ilikuwa ikianikwa nguo za wapangaji wote wa ploti, na nyingine zikipotea, nilifunga kamba nyembamba kutoka rafuni hadi dirishani, nikawa naanika nguo zetu za ndani humo.

Nilijivunia kazi ile. Wenzangu wa cherehani walikuja kutazama, wakasema wataiga.

Basi ndipo baba mkwe alipokuja kutoka kijijini kwake Nyaramba. Alikuwa akipogoa michai yake, panga likateleza, likamkata chini ya goti. Kwa ukaidi wa wazee alijifunga kitambaa akaendelea na kazi, mpaka jeraha likageuka kidonda kibaya. Muuguzi wa hospitali ya mjini alikitazama, akasema kisafishwe na kufungwa upya kila siku kwa wiki mbili, na kila asubuhi kabla ya kwenda hospitalini aoge, mguu uoshwe kwa maji vuguvugu yenye chumvi. "Mzee, usikose hata siku moja," alimwambia mbele yetu. "Ukikiacha hiki, safari ijayo tutazungumza habari ya kukata mguu."

Kwenda na kurudi Nyaramba kila siku kwa mguu ule hakungewezekana. Ikabidi akae kwetu.

Hapo, mwanangu, wewe uliyezaliwa mjini, huenda usione ugumu wowote. Lakini sisi Wagusii tuna heshima tunayoiita chinsoni. Baba na mwanawe, baba na mke wa mwanawe, huoneana haya. Baba haingii chumba chao cha kulala. Haoni wanachovaa ndani, wala wao hawaoni chake. Kwa mzee kama yule, hata kulala katika nyumba ya mwanawe kulikuwa mlima. Tulimtandikia sebuleni, akalala na koti lake.

Asubuhi nilichemsha maji, nikayachanganya na chumvi kama tulivyoagizwa, nikaweka ndoo na kigoda bafuni, kisha nikajitenga jikoni. Nikasikia mlango ukifungwa. Nikangoja kusikia maji. Sikusikia kitu. Baada ya muda mfupi akatoka, taulo begani, anatazama sakafu.

"Nimemaliza," akasema.

Nilipoingia kutoa ndoo, ilikuwa imejaa vilevile, mvuke unapanda.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Nikamwona kupitia dirishani ameinama kwenye mfereji wa nje, anamwagia mguu maji baridi ya alfajiri. Siku ya tatu akamwambia Ombati kwamba ng'ombe wake hawamtii mtu mwingine, akaondoka.

Nilikasirika. Nilimwambia Ombati, "Baba yako amedharau maji yangu. Kama hanipendi angesema." Ombati akageuza uso, akajibu tu, "Mzee ni mzee." Nadhani alijua. Lakini yeye naye aliona haya kuniambia, na mimi sikumwuliza kwa upole. Siku zikaanza kupita, na mguu ule uko Nyaramba bila dawa.

Aliyeniokoa ni Nyanya Kwamboka, mama wa mwenye ploti. Alikuwa kizee mwenye mdomo, na kwetu bibi ana ruhusa ya kusema na wajukuu yale ambayo mzazi hawezi. Alikuwa ameketi mlangoni pake akibambua maharagwe.

"Wewe mshonaji," akaniita, "mbona mzee wenu ameondoka akichechemea kuliko alivyokuja? Mmempiga?"

Nikamweleza kwa manung'uniko yangu yote. Alikung'uta maganda kutoka kwenye sketi, akasema, "Hebu nione hiyo bafu."

Alifungua mlango, akasimama pale pale kizingitini. Kisha akaanza kucheka mpaka akashika ukuta.

"Yesu wangu! Kumbe umefungua duka! Hii nyekundu ni yako ama ya Ombati?"

"Nyanya, hizo ni nguo tu, zinakauka."

"Zinakauka kwenye paji la uso la baba mkwe wako! Yeye ni mrefu, si mfupi kama mimi. Sasa mzee wa watu aoge namna gani? Afumbe macho? Akifumba macho ataanguka. Akiyafungua ataona mwili wa mke wa mwanawe umetundikwa kwa kamba. Mtoto wewe, ulitaka afanye nini? Aombe msamaha ndani ya choo?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Nikaketi kwenye kigoda, nikaficha uso. Alipoona machozi, sauti yake ikashuka.

"Usilie. Hukufanya kwa ubaya. Ulipanga vitu hivi kwa macho yako, basi. Sasa inuka, usimame hapa mlangoni. Sahau kwamba wewe ni Kemunto. Wewe ni mzee, una mguu mbovu na una haya. Niambie unaona nini kwanza."

Nikasimama. Nikaona. Nakwambia, mwanangu, ulikuwa kama ukuta wa mtu nisiyemjua.

"Sasa keti hapo," akasema. "Sabuni iko wapi?"

Ilikuwa ngazi ya juu ya rafu. Mtu wa mguu mmoja angelazimika kusimama na kujishika kwenye chuma kisichofungwa popote.

"Umeona? Hata bila zile nguo, bafu yako ilikuwa inamfukuza."

Jioni hiyo nilimweleza Ombati. Alicheka kwa aibu, nami nikacheka, na tukaanza kazi. Rafu ya chuma tuliitoa ikawa ya sufuria jikoni. Nyanya alikuwa ametuonyesha mahali ambapo sisi hatukuwahi kupatazama: ule ukuta ulio juu ya mlango, kwa ndani. Mtu anayeingia huupa mgongo. Ni nafasi kubwa, na kila bafu linayo, hata liwe dogo vipi. Tukaamua kuweka ubao hapo.

Ombati akaona fundi wa nini. Alipigilia misumari kwenye plasta, akaweka ubao, akanipa mkono wa pongezi. Hatujamaliza chai, tukasikia kishindo. Ubao umeshuka na plasta yake na kuivunja ndoo. Nyanya akapaza sauti kutoka kwake, "Afadhali umeiangukia ndoo, si mtu!" Kesho yake tukamwita Onchiri, seremala wa jirani. Alitoboa ukuta mpaka kwenye tofali, akasukuma ndani vile vipande vya plastiki vinavyoshika skrubu, akafunga vyuma viwili vya pembe, ndipo ubao ukakaa. Alitukataza pia zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa, akisema mvuke wa bafuni huzivimbisha kama andazi. Akatumia ubao mzima, akaupaka rangi ya mafuta pande zote, hata upande wa chini usioonekana.

Juu ya ubao ule tuliweka vikapu viwili vyenye vifuniko, kimoja changu, kimoja cha Ombati. Vyote vya siri vikaingia humo. Onchiri akatutengenezea kabati jembamba la pembeni, lisilozidi kina cha kiganja, lenye mlango, kwa ajili ya mafuta na dawa. Nyembe tulizipeleka huko, maana mtoto naye alikuwa njiani. Karibu na kigoda, pale mkono unapofika mtu akiwa ameketi, tukafunga kibao kidogo chenye matundu ili sabuni isilale ndani ya maji. Karibu nacho tukafunga mti imara wa kujishikia. Nyuma ya mlango ndoano tatu, ya mwisho ikiwa ya mgeni peke yake, isiyoguswa na taulo la mwingine. Na zile nguo? Nilizihamishia kwenye kamba chumbani kwetu, nyuma ya pazia, na dirisha nikaliacha wazi zipate hewa.

Bafu halikuongezeka hata inchi. Lakini uliposimama mlangoni, ulichoona ni ukuta mweupe, kigoda na ndoo.

Sasa tatizo lilikuwa namna ya kumrudisha mzee. Mtoto hawezi kumwambia baba yake, "Rudi, tumeziondoa." Nyanya alifikiri kidogo, akamwambia Ombati, "Mwambie hivi: Nyanya Kwamboka ameikagua nyumba, amesema mtu mzima anaweza kuoga. Usiongeze neno."

Jumapili Ombati alikwenda Nyaramba. Alikuta mguu umevimba na kitambaa kimegandia, na mzee ameketi nyuma ya nyumba, hataki watu wakaribie harufu. Ombati akatoa ujumbe kama alivyopewa. Baba yake akauliza jambo moja tu: "Huyo Nyanya ni wa umri gani?"

"Ana vitukuu, tata," Ombati akamjibu baba yake.

"Basi anajua," akasema, akaomba koti lake.

Muuguzi aligomba vikali, na wiki mbili zikahesabiwa upya. Asubuhi iliyofuata nilichemsha maji, nikaweka ndoo, nikajificha jikoni. Mlango ukafungwa. Kimya. Nikashika meza. Kimya kikaendelea hata nikaanza kujilaumu tena. Ndipo nikasikia maji yakimwagika sakafuni, kata moja, kata ya pili, na mzee akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti nzito, bila haraka, beti zote.

Aliimba kila asubuhi mpaka kidonda kikafunga. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni na mguu wake mzima, akatazama kando, kama ilivyo desturi kati yetu, akasema, "Kemunto, bafu yenu ni kubwa."

Ombati akataka kumsahihisha. Nikamkanyaga kidole.

Basi, mwanangu, unapoona bafu ni dogo usikate tamaa, na usikimbilie kununua. Simama kwanza mlangoni, ulitazame kwa macho ya mtu utakayemwonea haya kuliko wote: mkwe, mchungaji, shangazi. Kile ambacho hungependa akione, kipandishe juu ya mlango au kifunge kwenye kabati. Kisha keti chini kama mgonjwa, unyooshe mkono, uone unagusa nini. Kinachotumika kila siku kikae hapo, karibu na mkono. Funga rafu kwenye tofali, si kwenye plasta. Acha nafasi moja tupu kwa ajili ya atakayekuja. Na mgeni akitoka amenyamaza, usimkasirikie kabla hujaikagua nyumba yako. Ukikosa kuona kosa, mwite bibi mwenye mdomo mkali, uvumilie kicheko chake.

Mungu akupe nyumba ambayo wazazi wako wataingia bila kuinamisha macho. Akupe maji ya kutosha, ya moto wakati wa baridi ya asubuhi ya kwetu. Na kila anayekuja kwako akiwa na kidonda, cha mguu au cha moyo, Mungu akujalie uwe na mahali pa kumkalisha aoshwe, apone, arudi kwake akiimba.