Mgonjwa Niliyemwandika Mzima

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ya wilaya huko Kitui, nilivaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe. Nilikabidhiwa chumba chenye kitanda kimoja, taa ya joto iliyowaka ilipopenda, na baiskeli ya mazoezi isiyo na pedali ya kushoto. Fiziotherapia ni kazi ya kutibu viungo na misuli kwa mikono na mazoezi, ingawa watu wengi walidhani ni kukanda tu. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo kidogo. Mgonjwa wa kwanza aliposema mgongo, nilimlaza kifudifudi nikaanza. Mtaalamu Mkuu, bosi wangu, akanishika mkono.

"Unakanda nini?"

"Mgongo, mkuu."

"Mgongo ni mrefu. Umemwona akitembea? Umemwona akiinuka kwa kiti? Mgonjwa unaanza kumpima akiwa mlangoni."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari. Kuandika si kazi.

Baada ya Kitui mjini nilipelekwa Mutomo, nikatibu wafugaji waliotembea siku nzima na kina mama waliobeba maji kwa ukanda wa kichwani. Kisha nikahamishiwa kituo kimoja cha afya upande wa Kasikeu. Huko ndiko nilikofanya kosa ambalo nataka nyinyi mnaoanza kazi hii mlisikie kutoka kwangu, kabla hamjalifanya lenu.

Mama Mwende aliletwa na mama mkwe wake. Alikuwa amejifungua mtoto wa tatu miezi michache iliyopita, na tangu hapo hakuweza kugeuka kitandani bila kuuma meno. Nilimuuliza anaumwa wapi. Akamtazama mama mkwe, akanitazama mimi, akagusa katikati ya mgongo.

"Daktari, huyu hana ugonjwa," mama mkwe akasema. "Ni uvivu tu imemshika. Mimi nilizaa wanane na nikaamkia jembe."

Nilimtibu pale alipogusa: joto, kukanda, na amri ya kulala kitandani. Miezi mitatu, hakuna nafuu. Picha ya eksirei ilikuwa safi. Nami nikaanza, Mungu anisamehe, kumwamini mama mkwe.

Wakati huo mwethya wao ulikuwa ukichimba matuta. Mwethya ni kundi la majirani wanaolimiana kwa zamu: leo shamba langu, kesho lako. Asiyetoka kuwachimbia wenzake bila sababu hukatwa jina, na zamu yake hupotea. Shamba la Mama Mwende lilikuwa kwenye mteremko. Mvua ikilikuta bila matuta, udongo na mbegu vyote vinateremka mtoni. Mama Mwende alipokosa kutoka, mwenyekiti wa mwethya akaomba barua kutoka hospitali. Nikaandika: "Mgongo ni mzima. Anaweza kufanya kazi zote." Nikatia sahihi ya madaha.

Jina lake likakatwa.

Aliyenizindua ni Sista Mkuu, muuguzi aliyesimamia kituo chetu. Siku ya chanjo alimwona Mama Mwende akipanda ngazi za baraza: anatanguliza mguu wa kushoto, kisha anauvuta wa kulia. Kwenye benchi alikalia upande mmoja. Sista akaniita.

"Huyu ulimpima?"

"Nilimpima, Sista."

"Mbele ya nani?"

Nikageuka kumtazama mama mkwe. Mkamba mzima kama mimi nilihitaji kuulizwa hilo! Mke wa mwana hataji makalio mbele ya mama mkwe, tena akiulizwa na mwanamume wa rika la mume wake. Sista akamgeukia mama mkwe kwa heshima zote, akimwita mama kwa Kikamba: "Mwaitu, tusaidie kumpeleka mtoto apimwe uzito." Mama mkwe akaondoka na mjukuu. Sista akamwambia Mama Mwende, "Usiseme kitu. Weka kidole tu."

Mama Mwende akageukia ukuta, akaweka kidole kimoja chini ya kiuno, kulia, juu kidogo ya kalio, penye kishimo. Hakusitasita. Miezi mitatu nilikuwa nimekanda mahali pasipouma.

Uti wa mgongo, chini kabisa, huishia kwenye mfupa wa pembe tatu uliokaa katikati ya mifupa miwili mikubwa ya nyonga. Inapokutana, kulia na kushoto, kuna kiungo ambacho kazini tunakiita kwa herufi mbili za Kiingereza, SI. Hakichezi sana, kazi yake ni kupitisha uzito wa mwili kwenda miguuni. Mama akiwa mjamzito, kano zake hulegea ili mtoto apate njia, na huchukua muda kukaza tena. Sasa ongeza matuta ya fanya juu: unachimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu, mguu mmoja mlimani na mwingine bondeni, ukijipinda upande uleule tangu asubuhi. Eksirei inaweza kuwa safi na mtu anaumia kweli.

Safari hii nilimpima ipasavyo, Sista akiwa kando. Nilimlaza chali, nikakunja goti lake na kusukuma paja kuelekea kitandani, akashtuka. Nikabana nyonga kutoka ubavuni, maumivu yaleyale. Nikaweka mguu wake juu ya goti la pili na kukandamiza, yaleyale tena. Kipimo kimoja hakitoshi, lakini vitatu vikikubaliana, sikiliza. Maumivu hayakushuka chini ya goti wala hakuwa na ganzi, kwa hiyo sikushuku mshipa wa fahamu uliobanwa. Angekuwa na homa, ganzi katikati ya mapaja, au mkojo usiozuilika, ningemkimbiza kwa daktari saa hiyohiyo.

Nilimfunga leso iliyokunjwa, chini kwenye nyonga, si tumboni. Nikamfundisha zoezi la daraja: unalala chali, magoti juu, unainua makalio polepole na kuyashusha. Nilimkataza kumbeba mtoto kwenye nyonga moja, na ile amri yangu ya kulala nikaifuta, kwa sababu kulala sana hudhoofisha misuli inayokishika kiungo hicho.

Kisha nikaenda shambani, nikawaambia kina mama wa mwethya kwamba barua yangu ilikuwa ya uongo. Mwenyekiti alinisikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Basi daktari, nafasi yake leo utajaza wewe."

Nilichimba hadi saa sita, mikono ikatoka malengelenge, nao wakacheka mpaka wakakaa chini. Jina lake likarudishwa. Shamba lake lilichimbwa siku chache kabla ya mvua, naye baada ya miezi miwili alirudi kwenye zamu, akibadilisha mguu wa mlimani kila baada ya muda.

Nilimalizia kazi Mtito Andei, nikitibu madereva wa malori wanaokalia pochi nene upande mmoja tangu Mombasa. Nimestaafu na cheti kwenye fremu. Nilidhani deni langu kwa Mama Mwende nililimaliza siku nilipochimba.

Juzi kwenye harambee ya kanisa Kasikeu, nilimkuta Mama Mwende, sasa ni nyanya. Tukasalimiana vizuri. Nikauliza hali ya kiungo chake.

"Hiyo ilipona, daktari. Ikirudi nafanya daraja." Akasogea karibu. "Lakini ulieleza mwethya, kwetu hukukuja. Mzee wangu alikuwa kazi Nairobi. Yeye aliporudi alisoma ile barua yako tu. Mpaka leo nikisema nimechoka, ananiambia daktari aliandika mimi ni mzima."

Nilihisi aibu ambayo malengelenge hayakunipa. "Mzee ako wapi?"

"Ako hapo nje, anangoja chai."

Nikatoka, nikasimama mbele yake, nikamwambia yote, na kwamba mkewe alisema kweli tangu siku ya kwanza. Mzee aliweka kikombe chake kitupu kwenye benchi. Kisha akamtazama mkewe aliyekuwa amesimama nyuma yangu.

"Kumbe," akasema. "Na mimi miaka hii yote..."

Akasogea kumpisha. Mama Mwende akaketi kando yake kwenye benchi.

"Sasa sema pole," akamwambia, "halafu ukunywe chai."